Kutoka Hewa Bora hadi hewani: redio inavyoamua bahati ya rap ya Lubumbashi

Katika kartie ya Hewa Bora, mjini Lubumbashi, kurekodi wimbo wa rap si mlima tena. Kompyuta moja, maikrofoni moja, chumba kilichozibwa madirisha kwa mablanketi na umeme wa SNEL usiokatika kwa saa mbili au tatu vinatosha. Ugumu unaanza wimbo ukishakamilika. Nani ataupiga redioni? Saa ngapi? Na nani atalipa?

Maswali hayo wanayajua pia vijana wa Katuba, Kenya, Ruashi na Kamalondo wanaorap kwa Kiswahili cha Lubumbashi, wakichanganya Kifaransa na maneno ya kindubile, lugha ya vijana wa mitaani. Mji wao haukosi vipaji, wala haukosi redio. Hata hivyo, rapa anayejulikana na kila mtoto wa kartie yake anaweza kufika Likasi akawa mgeni kabisa, na anaweza kupigwa redioni mwaka mzima bila kushika hata franka moja.

Historia ya rap katika miji mingine, kuanzia Dar es Salaam na Arusha hadi Marseille na San Francisco, inaonyesha kwamba hali hiyo ina sababu zake. Muziki wa mji hupanda au huanguka kufuatana na mambo matatu: redio ni ya nani, inakula wapi, na nani anachagua nyimbo.

Redio nyingi, matangazo machache

Kwa miaka mingi sauti ya redio nchini ilikuwa ya serikali. Aprili 24, 1990, Mobutu alitangaza mwisho wa utawala wa chama kimoja, na redio za watu binafsi zikaanza kuota. Sheria ya Juni 22, 1996 kuhusu uhuru wa vyombo vya habari ikazipa msingi. Leo mkaaji wa Lubumbashi akizungusha kitufe cha redio anakutana na RTNC, Radio Okapi, redio za makanisa, na zile za wafanyabiashara na wanasiasa.

Lakini redio ya mtu binafsi si lazima iwe redio ya biashara. Redio ya biashara huishi kwa matangazo. Inakusanya wasikilizaji, kisha inawauzia wenye bidhaa nafasi ya kusema nao. Ili ifanye hivyo inahitaji kampuni nyingi zinazotaka kumshawishi mkaaji anunue kitu.

Hapo ndipo Lubumbashi inapokwama. Utajiri wa Haut-Katanga ni shaba na kobalti, na shaba haihitaji tangazo la redio. Mnunuzi wake haishi Katuba. Makampuni ya migodi yanaweza kuchimba na kusafirisha kwa miaka bila kununua hata dakika moja ya hewa katika kipindi cha muziki. Wanaobaki ni wachache: kampuni za simu, kiwanda cha bia, benki, na maduka yanayotangaza yakipata nafuu. Redio zote za mji zinagombania mfuko huo huo.

Pengo linajazwa na siasa. RTLJ, redio na televisheni ya Jean-Claude Muyambo, ilifungwa mwaka 2014. Nyota, ya Moïse Katumbi, ilifungwa mwanzoni mwa 2016. Wote wawili walikuwa wameachana na kambi ya rais wa wakati huo, Joseph Kabila. Vituo hivyo viliruhusiwa kurudi hewani mwaka 2019, baada ya Félix Tshisekedi kushika uongozi.

Kufungwa huko kulizungumziwa sana kama habari ya siasa, na ilikuwa hivyo kweli. Lakini redio inapofungwa, kipindi cha muziki kinafungwa nayo. Mtangazaji aliyezijua nyimbo za vijana wa mji anaenda kutafuta kazi nyingine. Na kituo kikirudi, ile desturi ya msikilizaji kukaa karibu na redio saa fulani kumsubiri rapa fulani imeshavunjika. Inabidi kuanza upya.

Wimbo unalipiwa na nani

Redio isiyo na matangazo ya kutosha hulipa wafanyakazi wake kidogo, au hailipi kabisa. Wanahabari wa Congo wana neno la zamani kwa matokeo ya hali hiyo: coupage, yaani pesa ambayo mwandishi hupewa na yule aliyemwita kwenye mkutano ili habari itoke. Katika muziki pesa hiyo hubadilishwa jina. Huitwa ya usafiri, ya kinywaji, au ya mafuta ya jenereta. Msanii anayetoa anajua anachonunua, na asiyetoa anajua kwa nini wimbo wake haukupigwa.

Watu wengi huliona jambo hilo kuwa la maadili tu. Lakini lina ubaya mwingine, wa kibiashara. Redio inayoishi kwa matangazo inalazimika kutafuta wimbo ambao msikilizaji hatauacha, kwa sababu msikilizaji akihama, tangazo linahama naye. Redio inayoishi kwa pesa za msanii haina sababu ya kujua kama wimbo unapendwa. Umeshalipiwa. Msikilizaji hahesabiwi tena, na hakuna anayejua nani anapendwa Ruashi na nani anapendwa Kampemba. Habari hiyo ikikosekana, mwenye ukumbi wa tamasha, mwenye kampuni na mfadhili wote wanabahatisha.

Muziki wa Kinshasa umepata njia yake ya kuishi bila mrabaha wa redio, nayo ni mabanga: majina ya matajiri na waheshimiwa yanayotajwa ndani ya wimbo kwa malipo. Kampuni za bia nazo zimebeba wanamuziki wakubwa wa rumba kwa miaka. Rap haikai vizuri katika mpango huo. Rapa wengi wanajulikana kwa kusema mambo ambayo mheshimiwa hapendi kuyasikia, na mtu halipi ili asemwe.

Novemba 2021 ilionyesha bei ya kusema. Tume ya taifa ya kukagua nyimbo na maonyesho ilipiga marufuku nyimbo kadhaa, zikiwemo "Nini tosali te" ya kundi la MPR na "Lettre à Ya Tshitshi" ya rapa Bob Elvis. Marufuku juu ya wimbo wa MPR iliondolewa haraka baada ya kelele za wananchi, na kufikia wakati huo wimbo ulikuwa umeshasambaa katika simu. Lakini redio ndogo ya mkoani inayotegemea kibali na mfadhili hujifunza haraka katika kisa kama hicho. Inaamua yenyewe kutopiga wimbo wenye moto, hata kabla ya kukatazwa.

Dar es Salaam: redio iliyotoa jina

Tanzania ni mfano ulio karibu wa nchi ambako redio za biashara ziliinua muziki wa vijana kutoka chini. Mwaka 1991, Saleh Jabir alipoweka maneno ya Kiswahili juu ya "Ice Ice Baby" ya Mmarekani Vanilla Ice, Tanzania Bara ilikuwa bado na redio ya serikali tu, na wazee wengi waliiona rap kuwa kelele za wahuni. Sheria ya utangazaji ya 1993 ikafungua mlango. Mwaka uliofuata ikaanza Radio One, ya kampuni ya IPP ya Reginald Mengi.

Radio One ilihitaji vijana, kwa sababu wenye sabuni, soda na baadaye simu walihitaji vijana. Vipindi vyake vikaanza kupiga nyimbo za rap za nyumbani pamoja na za Marekani. Mtangazaji Mike Mhagama anatajwa kuwa ndiye aliyeanza, mwaka 1996, kuutofautisha muziki huo wa nyumbani kwa kuuita Bongo Flava. Mwishoni mwa muongo huo ikaja Clouds FM ya Joseph Kusaga na Ruge Mutahaba. Haikuishia kupiga nyimbo. Ilianzisha Fiesta, tamasha linalozunguka mikoani, na Ruge akawa mmoja wa waasisi wa THT, nyumba ya kulea vipaji iliyowatoa waimbaji kama Barnaba na Linah. Ruge alipofariki Februari 2019, mazishi yake yalikuwa tukio la taifa.

Kwa hiyo redio ilitoa jina, jukwaa na soko. Lakini jina lenyewe linasema jambo ambalo halikutiliwa maanani wakati ule. Bongo ni jina la utani la Dar es Salaam. Muziki wa nchi nzima ukaitwa kwa jina la mji mmoja, na mji huo ndio uliokuwa na redio.

Arusha: vipaji vinapanda basi

Arusha ilikuwa na rap yake, ngumu na yenye kujivunia. Kundi la X Plastaz, lililoanza katikati ya miaka ya 1990, liliweka sauti ya uimbaji wa Kimaasai ndani ya hip hop. Albamu yao "Maasai Hip Hop" ilitolewa mwaka 2004 na kampuni ya Ujerumani, na walipiga muziki Ulaya. Ni safari inayofanana na ya Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978, akakulia Liège nchini Ubelgiji, akarap na kundi la Starflam, kisha akatoa "Hotel Impala" na mwaka 2023 akapata tuzo Cannes kwa filamu yake "Augure". Miji yote miwili imetoa watu wanaosikika Ulaya. Njia zao zilipita nje ya redio za nyumbani.

Kizazi kilichofuata cha Arusha kilichagua basi. Joh Makini na wenzake wa kundi la Weusi walitoka huko, lakini majina yao yalikua pale nyimbo zao zilipopigwa na vituo vya Dar es Salaam. Fid Q alitoka Mwanza, Afande Sele Morogoro, na Joseph Mbilinyi, anayejulikana kama Sugu au Mr. II, anahesabiwa Mbeya. Kila mmoja alipaswa kupita kwenye mlango uleule. Mlango ukiwa mmoja, mwenye ufunguo anakuwa na nguvu kuliko anayepiga hodi. Ugomvi wa Sugu na uongozi wa Clouds, uliofikia hadharani na kuzaa mkusanyiko wa nyimbo ulioitwa "Anti-Virus", ulikuwa juu ya nguvu hiyo hasa. Mwaka 2010 Sugu alichaguliwa kuwa mbunge wa Mbeya Mjini.

Mfano wa Mwanza unaonyesha kwamba umbali si hukumu. Radio Free Africa ilikuwa na makao yake huko, kando ya Ziwa Victoria, na kwa kutumia pia masafa ya kati ilisikika mbali kuliko redio za FM, hata nje ya mipaka ya Tanzania. Redio yenye nguvu inaweza kuishi nje ya mji mkuu wa biashara. Kinachohitajika ni mtambo unaofika mbali na wenye bidhaa wanaoamini kwamba wasikilizaji wa huko wana pesa.

Baadaye msanii mmoja alikata shauri la kutopiga hodi kabisa. Diamond Platnumz alianzisha Wasafi TV mwaka 2018 na Wasafi FM mwaka 2019. Ni suluhisho kwa mwenye uwezo wake. Kwa rapa wa Arusha, au wa Hewa Bora, mlango umeongezeka, lakini bado ni wa mtu mwingine.

Mkono wa mbali na mkono wa sheria

Marekani imeonja uchungu wa aina nyingine. Katika eneo la San Francisco na Oakland, redio ya KMEL ilijulikana kwa kupiga rap mapema na kuwapa nafasi wasanii wa hapo hapo. Mwaka 1996 sheria mpya ya mawasiliano iliondoa mipaka ya idadi ya redio ambazo kampuni moja inaweza kumiliki nchini. Kampuni ya Clear Channel, iliyokuwa na vituo kama 40, ikafikisha zaidi ya 1,200 katika miaka michache. KMEL na mshindani wake KYLD zikajikuta chini ya mwenye mali mmoja. Oktoba 2001 mtangazaji Davey D, aliyekuwa kiungo kati ya redio na vijana wa eneo hilo, alifukuzwa kazi. Redio iliendelea kupiga rap, lakini wasanii na vijana wa eneo hilo wakalalamika kwamba si yao tena.

Huko pia pesa ya mlango wa nyuma haikukosekana. Julai 2005, kampuni ya Sony BMG ilikubali kulipa dola milioni 10 baada ya uchunguzi wa mwanasheria mkuu wa jimbo la New York kuhusu zawadi na malipo kwa redio ili zipige nyimbo zake. Tofauti na Lubumbashi ni kwamba kule alikuwepo mtu wa kushtaki.

Ufaransa ilikwenda njia ya sheria. Sheria ya Februari 1994 ililazimisha redio, kuanzia Januari 1, 1996, kuhakikisha kwamba asilimia 40 ya nyimbo ni za Kifaransa, na nusu ya hizo ziwe za wasanii wapya au kazi mpya. Redio ya biashara ya Skyrock ilitafuta nyimbo za kujaza nafasi hiyo, ikazikuta katika rap ya vitongoji. Kundi la IAM la Marseille, mji wa mbali na Paris, lilitoa "L'école du micro d'argent" mwaka 1997 na likauza kuliko wengi wa mji mkuu. Kijana wa Hewa Bora anayewajua Gims na Youssoupha, wote wawili wazaliwa wa Kinshasa, anasikiliza matunda ya soko ambalo sheria hiyo ilisaidia kulijenga.

Hata jirani wa Kasumbalesa aliwahi kujaribu. Katika miaka ya utawala wa Kenneth Kaunda, redio ya Zambia iliagizwa kupiga muziki wa nyumbani kwa asilimia 95, na bendi za kalindula zikapata nafasi ambayo hazikuwa nayo. Agizo kali namna hiyo linawezekana pale redio ni moja na ya serikali. Penye redio nyingi za binafsi, asilimia bila mtu wa kuzihesabu hubaki kwenye karatasi.

Katanga ilishawahi kusikika mbali

Wazee wa Lubumbashi na Likasi wana sababu ya kutoshangaa. Mwaka 1952, Hugh Tracey, mtafiti wa muziki aliyeishi Afrika Kusini, alimrekodi kijana mwenye gitaa aitwaye Mwenda Jean Bosco huko Jadotville, Likasi ya leo. Wimbo wake "Masanga" ulisafiri kwa santuri hadi nchi ambazo yeye mwenyewe hakuwa amezikanyaga. Baadaye Mwenda alikaa Nairobi kwa muda, akawa na kipindi chake redioni, na wapiga gitaa wa Kenya wakajifunza vidole vyake. Alifariki mwaka 1990 kwa ajali ya gari nchini Zambia.

Mwenda hakupita Kinshasa ili asikike Nairobi. Kiswahili kilimfungulia upande wa mashariki, na redio ikamshika mkono alipofika. Muziki wa Katanga ulikuwa na soko kwa sababu msikilizaji wake hakuhesabiwa kwa mipaka ya mkoloni, bali kwa lugha aliyoielewa.

Leo hali imegeuka. Redio ya FM ya Lubumbashi inasikika Lubumbashi na pembeni yake. Likasi iko kama kilometa 120, Kolwezi zaidi ya 300, na Kinshasa zaidi ya 1,500 kwa ndege. Radio Okapi, iliyoanza Februari 25, 2002 na inayotangaza kwa Kifaransa na lugha nne za taifa, imeonyesha kwamba mtandao wa nchi nzima unawezekana, lakini kazi yake kubwa ni habari, na pesa zake hazitoki kwa wenye bidhaa. Kutoka Lubumbashi hadi Kalemie, Bukavu, Goma na Bunia wako mamilioni ya watu wanaoelewa rap ya Kiswahili. Kila mji una masafa yake, na wimbo unaishia pale masafa yanapoishia.

Simu imefungua mlango, haijalipa nauli

Wapo wanaosema redio imekwisha na mjadala huu ni wa zamani. Wana hoja. RJ Kanierra wa Lubumbashi ameona wimbo wake "Tia" ukizunguka nchi nyingi kupitia TikTok, bila kusubiri redio yoyote ya Kinshasa. Innoss'B, mtoto wa Goma aliyeshinda Vodacom Superstar mwaka 2010, alifika mbali zaidi mwaka 2019 pale "Yope" iliporudiwa pamoja na Diamond Platnumz. Safari ya wimbo huo, kutoka Congo hadi Dar es Salaam na kurudi, ilipita hasa katika YouTube.

Lakini simu haijaua redio. Mega zinagharimu, na kijana anayehesabu mega hasikilizi nyimbo asizozijua. Anatafuta ile ambayo tayari ameisikia mahali. Mara nyingi mahali hapo ni taksi-basi, kinyozi, au duka la jirani ambako redio inalia tangu asubuhi. Redio bado ndiyo inayomkutanisha msikilizaji na wimbo ambao hakuuomba. Simu inampa mwenye jina jina kubwa zaidi. Kazi ya kumtoa asiye na jina bado ni ya redio kwa kiasi kikubwa.

Pia TikTok ina ladha yake. Sekunde chache za kuchezeka hupita haraka kuliko mashairi marefu ya kufikirisha. Anayeimba ili watu wacheze anasaidiwa. Rapa mwenye kisa cha kusimulia, kuhusu creuseur aliyefukiwa machimboni au kuhusu nyumba isiyo na maji, anahitaji kipindi cha dakika 30 na mtangazaji anayejua kuuliza.

Daftari la nyimbo

Congo haikosi sheria. Ile ya Aprili 5, 1986 kuhusu haki za watunzi inamtambua mwenye wimbo, na tangu 2011 kuna SOCODA, iliyochukua nafasi ya SONECA ya zamani, yenye kazi ya kukusanya malipo na kuyagawa. Ili igawe, inapaswa kujua kilichopigwa. Hapo kila kitu kinategemea karatasi ndogo: orodha ya nyimbo ambazo kila redio imepiga, siku kwa siku, na majina ya watunzi wake.

Pasipo orodha hiyo, hata pesa ikikusanywa itagawiwa kwa kukisia, na anayekisiwa kwanza ni mwenye jina kubwa, ambaye kwa kawaida anaishi Kinshasa. Rapa wa Lubumbashi anapoteza mara mbili: analipa ili apigwe, kisha anakosa alichostahili kwa kupigwa. Orodha hiyo ingesaidia na redio pia. Kituo kinachoweza kumwonyesha mwenye bidhaa ni nyimbo gani zinaombwa, na kutoka kartie gani, kina kitu cha kuuza. Kisicho na orodha kinauza maneno tu.

Hatua nyingine haihitaji waziri. Redio za Lubumbashi, Likasi na Kolwezi zinaweza kubadilishana kipindi kimoja cha rap kwa wiki, kila mji ukituma nyimbo zake. Kalemie inaweza kuingia, na Bunia pia. Goma na Bukavu, zilizoangukia mikononi mwa AFC/M23 mwanzoni mwa 2025, hazifikiki kirahisi kwa msanii wa Lubumbashi, lakini faili la wimbo halihitaji barabara. Kampuni ya simu inayouza laini katika miji hiyo yote ingekuwa na sababu ya kuweka tangazo lake katika kipindi kinachosikika kote, badala ya kuhesabu kila redio ndogo peke yake.

Hakuna dhamana kwamba hayo yatazaa Bongo Flava ya Katanga. Tanzania ilikuwa na uchumi wa bidhaa za kuuzia wananchi uliokuwa unakua pamoja na redio zake, na Lubumbashi inaishi kwa madini. Na Arusha imefundisha kwamba hata redio yenye nguvu inaweza kuinua muziki wa taifa huku ikiuacha mji wake mmoja nyuma. Lakini mji ambao hauandiki kilichopigwa hauwezi hata kujua umepoteza nini.

Kijana wa Hewa Bora amekwisha kujifunza kurekodi bila kumsubiri mtu. Amejifunza kukata video kwa simu na kupeleka wimbo Nairobi kwa dakika mbili. Kilichobaki kiko upande wa pili wa maikrofoni, mezani pa mtangazaji: daftari, kalamu, na jina la mtunzi liandikwe kila wimbo unapopigwa.